Jani Lenye Mwana

Harufu ya mavi ya mbuzi yaliyolowekwa majini hunirudisha Palma ya utoto wangu, mji wetu wa pwani, upesi kuliko picha yoyote. Mama aliyaloweka katika debe lililokatwa mdomo, akalifunika kwa kipande cha bati na kuliacha nyuma ya jiko mpaka maji yakawa meusi. Majirani walinung'unika, kisha wakazoea. Maji yale hayakuwa ya mchicha wala ya nyanya. Yalikuwa ya mimea isiyoliwa na mtu wala mnyama: vichaka vya majani ya rangi vilivyozunguka ua wetu, vyekundu, vya manjano, vingine vya zambarau inayokaribia weusi. Hata mbuzi, ambaye hutafuna mpaka kamba aliyofungiwa, alivinusa akapita. Sisi tuliviita miti ya rangi, basi. Jina la krotoni nililisikia mwaka huo ninaotaka kuusimulia, kinywani mwa mtu aliyetoka mbali.

Ulikuwa mwaka ambao habari ya gesi iliacha kuwa uvumi. Nilikuwa darasa la nne, na kwa akili yangu gesi ilikuwa kitu cha kwenye mitungi, kwa hiyo sikuelewa vipi mtu ataikuta chini ya bahari. Nilichokiona ni magari meupe yenye matope mpaka madirishani, helikopta iliyotufanya tukimbie nje ya darasa bila kumwomba mwalimu ruhusa, na watu wa mbali waliotafuta pa kulala. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliokuwa na chumba cha ziada walikipaka chokaa wakakipangisha. Palma ya juu, karibu na ofisi za serikali, zikaanza kusimama nyumba za wageni. Nyumba mpya haipendezi ikisimama juu ya mchanga mtupu. Wenyewe wakataka bustani, tena haraka, na mmea unaopendeza upesi kuliko yote katika joto letu ni ule mti wa rangi, kwa sababu haungoji maua.

Mama aliijua miti ile kama mtu anavyowajua watoto wa mtaani kwake. Alitufundisha kwamba jani jipya huzaliwa kijani na rangi huingia polepole, kwa hiyo usiuhukumu mti kwa kilele chake. Kwamba mti uleule ukiuweka kivulini hurudi kijani mpaka usiutambue, na ukiutoa juani hukumbuka rangi yake. Kwamba utomvu wake mweupe huacha doa kwenye nguo lisilotoka kwa sabuni, na ukiuramba mdomo utawaka. Wadudu weupe kama vinyuzi vya pamba wakijificha chini ya majani, aliwaosha kwa maji ya sabuni, jani moja moja. Tulikuwa na mti wenye majani mapana kama kiganja, wenye majani membamba kama ukindu, na wenye majani yaliyojisokota kama parafujo.

Lakini ulikuwapo mmoja ambao haukuwa nyumbani. Huo ulikuwa makaburini. Jani lake lilikuwa refu, la manjano, na mshipa mwekundu katikati. Lilipofika ncha liliisha, ukabaki mshipa peke yake, mwembamba kama uzi, na mwisho wa uzi huo likaning'inia jani jingine dogo. Mama aliliita jani lenye mwana. Tawi lake la kwanza aliletewa na shangazi yake kutoka Mikindani, na hapakuwa na mwingine wa namna hiyo mjini kwetu. Kila Alhamisi alasiri alijifunga kanga, akachukua kopo la maji meusi kutoka kwenye debe, nami nikamfuata. Wapo waliosema mwanamke hana kazi makaburini. Mama alikwenda hivyohivyo. Nilipomuuliza kaburi lile ni la nani, alisema, "La watu wetu," nami sikuuliza zaidi, maana makaburi yote yale yalikuwa ya watu wetu. Halikuwa na jiwe lenye maandishi. Lilikuwa fupi, limekaribia kuwa sawa na ardhi, na bila ule mti usingejua kama pale pana kaburi.

Alhamisi moja tulikuta shimo. Mti haukukatwa, ulichimbwa na mizizi yake, na udongo mwekundu ulikuwa umetawanyika juu ya nyasi. Mama aliweka kopo chini, akapiga magoti, akaurudisha udongo kwa mikono mpaka shimo likajaa. Kisha akatafuta jiwe la tumbawe akaliweka upande wa kichwani. Tulipofika njia panda, badala ya kuteremka kwenda nyumbani alipanda kuelekea mjini. "Twende," alisema. "Wewe unajua Kireno cha shule."

Tulipita nyumba mpya moja baada ya nyingine. Mama hakubisha hodi. Alisimama nje akaangalia bustani, akaenda zake. Kwenye nyumba ya nne au ya tano, yenye ukuta wa bluu, mwanamke mmoja alikuwa akifagia barazani. Alikuwa Dona Celeste, mke wa ofisa aliyehamishiwa wilayani kwetu kutoka Inhambane, kusini kabisa mwa nchi. Mumewe alikwenda ofisini, yeye akaendesha nyumba ya wageni. Kando ya mlango, ndani ya pipa lililopakwa rangi nyeupe, ulisimama mti wetu, karibu uchi. Miti hiyo ikihamishwa ghafla huangusha majani kama mtu aliyetishwa. Fagio la Dona Celeste lilikuwa likiyakusanya hayo hayo. Mama aliinama akaokota moja, akaligeuza, akalishika kwa ule uzi wake ili mwana aning'inie.

"Mwambie mti huu ni wangu," akaniambia.

Nikasema. Dona Celeste akatuangalia, kwanza mama, kisha mimi. Hakuwa mkali. "Mwambie mama yako nimeununua kwa kijana anayenitengenezea bustani. Anaitwa Saide. Tena miti hii iko kila mahali. Kwetu Inhambane kila nyumba ina krotoni."

Saide alikuwa baba yangu mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, aliyekula kwetu karibu kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani mama angelishika jina hilo, maana alilisikia bila kutafsiriwa, lakini alilipita.

"Mwambie aliyeuuza hakuwa na haki nao."

"Muulize atajuaje kwamba ni huu."

Mama akaliinua lile jani. Kisha, kwa sauti ileile ya mtu anayetaja bei ya samaki, akasema, "Mwambie ulikuwa juu ya kaburi la mwanangu."

Mimi ndiye niliyekuwa mwanawe wa kwanza. Hivyo ndivyo nilivyojua miaka yote: mimi, kisha Abudo, kisha mdogo wetu aliyekuwa bado anabebwa.

"Mama, mwana gani?"

"Mwambie kwanza."

"Mwana gani?"

"Mwambie, Zainabo."

Nikageuka nikasema kwa Kireno, na kwa kuwa mfasiri husema kama mwenye maneno, nilisema, "Ulikuwa juu ya kaburi la mwanangu." Dona Celeste akaliegemeza fagio ukutani. Aliuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume na aliitwa nani. Mama akanijibu mimi, akinitazama mimi, "Rukia. Ni dada yako. Alikutangulia." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanawake watu wazima wa mtaani walimwita Mama Rukia, na wale wa rika lake wakamwita Mama Zainabo. Nilikuwa nimedhani Rukia ni jina la ukoo, au la bibi fulani.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Dona Celeste hakuhitaji zaidi. Alikaa kwenye ngazi, kisha akasema atamwita mtu auchimbe mti saa hiyohiyo na kuubeba mpaka makaburini. Nikatafsiri. Mama akatikisa kichwa. "Ukichimbwa tena utakufa. Mwambie auache hapohapo. Ausogeze jua la mchana lisiupige, na asiujaze maji. Nitakuja kuuangalia."

Kwa hiyo ukaanza msimu wa ajabu. Alhamisi tulikwenda kwanza makaburini kwenye lile jiwe, kisha tukapanda kwa Dona Celeste na kopo letu linalonuka. Wageni wa gesi waliokaa barazani na kompyuta zao walisogeza viti. Dona Celeste hakujali. Vichipukizi vilitokeza kwenye vifundo vya mti, vya kijani tupu, na wanawake wawili wasiokuwa na lugha moja walivitazama kwa muda mrefu bila kunihitaji. Siku moja Dona Celeste alituonyesha jambo alilojifunza kwa mama yake. Alikwangua ganda la tawi kwa kulizungushia kisu, upana wa kidole, akapafunga kwa makumbi ya nazi yaliyoloa, akakaza juu yake mfuko wa plastiki. Tawi, alieleza, litatoa mizizi hapohapo hewani likiwa bado linanyonyeshwa na mti, na likikatwa litakuwa tayari linajitegemea. Mama alizoea kuotesha vipande kivulini, na vingi vilioza. Hii alikuwa hajaiona. Alicheka, na nilishtuka kuisikia sauti hiyo katika nyumba ya watu.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Baba alimwita Baba mdogo Saide baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya mama, nasi watoto tukasikilizia jikoni. Kwanza alikana. Kisha akasema, "Kaka, ni mti tu. Hauna hata tunda."

"Makaburini hakuna mti tu," baba akasema.

"Sikujua ni la nani. Nilikuwa Mtwara alipokufa yule mtoto. Hakuna aliyenionyesha."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwonyesha mtu yeyote. Rukia alikufa kwa homa alipokuwa ameanza kutembea, akazikwa, na nyumbani hakutajwa tena, kwa sababu baba hakuweza kulisikia jina lake. Mama alilinyamazia neno hilo mdomoni akalipanda ardhini. Baba alipomtaka mdogo wake aombe radhi, mama alimkatiza. "Radhi sihitaji, shemeji. Siku nitakayokuita, njoo na jembe."

Alimwita mwishoni mwa mvua. Mfuko wa plastiki ulikuwa umejaa mizizi myeupe iliyojisokota. Dona Celeste alilikata tawi kwa mkono wake, mama akalifunga kwa kanga iliyoloa. Baba mdogo alichimba shimo, si kubwa, kando ya jiwe. Mara mbili alisimama kana kwamba anaogopa kwenda chini zaidi. Mama alisema, "Panatosha." Baba naye alikuja, kwa mara ya kwanza, akasimama mbali kidogo, akainua mikono akasoma Fatiha. Aliposema Amin aliongeza jina lake, Rukia, kwa sauti ya kawaida. Mama alishindilia udongo kuzunguka shina na hakugeuka kumtazama. Mimi nilitazama, na uso wa baba ulikuwa umelowa.

Dona Celeste hakukaa sana. Watumishi wa serikali huhamishwa, na mumewe alipelekwa mkoa mwingine. Ile nyumba ya bluu ilibadilisha wenyewe mara kadhaa. Kisha vita vya waasi, vilivyokuwa vikiwaka wilaya za jirani, vikafika Palma. Watu walitawanyika, wengine msituni, wengine kwa mashua, na wazazi wangu waliishia Quitunda, kijiji cha nyumba za matofali kilichojengwa kwa familia zilizotolewa kwenye ardhi iliyochukuliwa kwa kiwanda cha gesi. Baba mdogo Saide hatujui alipofia, wala kama alizikwa. Wazazi walirudi mjini kulipokuwa shwari. Mimi nilikuwa nimekwisha kumaliza masomo Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa.

Kile Kireno changu cha darasa la nne kimekuwa kazi yangu. Nafasiri katika mikutano baina ya wageni wa gesi na wanavijiji, Kireno kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kireno, na husifiwa kwa kuwa sikwami. Juzi, mkutanoni Quitunda, mama mmoja wa makamo alisimama akasema kwamba pale alipohamishwa ameacha kaburi, na anataka kujua ni nani atakayemfungulia njia ya kulifikia. Niliyafasiri maneno yake vizuri. Bwana aliyekaa mezani alijibu kwa upole kwamba jambo hilo litaangaliwa, nami nikalifasiri hilo pia vizuri. Yule mama alishukuru akakaa. Tuliendelea na habari ya visima.

Nikiwa njiani kurudi Palma ndipo nilipogundua kwamba sikumuuliza kaburi ni la nani. Mtoto yule wa darasa la nne hakuweza kuendelea na sentensi bila kuuliza. Mimi siku hizi naendelea.