Salamu Mara Tatu

Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012 nilikosa pa kushinda. Tangu niache shule darasa la sita nilikuwa nazurura kati ya Kasulu na Kibondo, leo nabeba matofali, kesho nimekaa na fundi redio nione anavyofungua na kufunga, na Mtabila palikuwa na kila kitu cha kutazama. Warundi waliporudi kwao zikabaki kuta za udongo na migomba. Mwaka uliofuata nikamwambia bibi, mama wa mama yangu, kwamba nataka kuiona Dar es Salaam.

Hakubisha. Alinijazia dumu la lita tano la asali. "Mpelekee ndugu yako," akasema. "Na usalimie vizuri huko, wasiseme sikukulea."

Ndugu mwenyewe ni mtoto wa mjomba. Bibi alitulea wote wawili kwenye mkeka mmoja, mpaka mfanyabiashara mmoja wa Kasulu alipomchukua akamsaidie kuuza dukani Dar. Nilikuwa nimemwonea wivu miaka saba.

Nilifika stendi ya Ubungo jioni ya siku ya pili, nikalala kwenye benchi, na asubuhi nikaenda Kariakoo kwa miguu ili nisipitwe na kitu. Niliona maji yakidondoka kutoka ghorofani bila mvua, nikamuuliza muuza magazeti nani anafua kule juu. Akanionyesha viyoyozi, akanieleza kwa upole. Mbele kidogo nikakuta dagaa wa Kigoma wamelundikwa mezani, nikafurahi kama nimekutana na jirani.

Binamu alikuwa anauza makava ya simu. Mbele ya duka walikaa wanaume wanne wanakunywa kahawa. Nikafanya nilivyofundishwa. Kwetu huwafikii watu ukawatupia neno moja. Unainama, unapiga makofi taratibu, viganja umevikunja kidogo ili visilie sana, na kila mtu unamuuliza peke yake ameamkaje, nyumba yake, watoto wake. Nilikuwa kwa mtu wa pili waliposhindwa kuzuia kicheko.

"Huyu anatuombea mvua au?"

"Bosi, mgeni wako?"

Binamu alinitazama. Alinitambua, nililiona hilo machoni mwake. Kisha akasema, "Simjui vizuri. Mrundi mmoja wa stendi, katumwa mzigo."

"Hebu rudia, Mrundi," mmoja akasema, tayari ameinua simu anirekodi. Nikamgeukia binamu. "Rudia bwana," akasema, "wasikie." Nikarudia. Wakataka tena, nikarudia mara ya tatu, dumu la bibi likiwa miguuni pangu.

Jioni, tulipobaki wawili, aliniita kaka na kuninunulia chipsi. "Usichukie. Hapa ukijulikana ni Muha wa Kigoma wanakuita Mrundi, na ukishaitwa hivyo umekwisha. Nilijikinga tu."

"Na mimi nani anikinge?"

"Kula, zinapoa."

Nikakaa siku tisa, kwa sababu sikuwa tayari kurudi bila kuona bahari na ngazi zinazopanda zenyewe. Nyumbani watu walitaka habari za maghorofa, nikawapa. Bibi aliuliza kama asali imefika, nikamwambia imefika, na mjukuu wako anakusalimu sana. Ile habari nyingine nikaitunza. Kila asubuhi nilipomsalimia mtu, viganja vyangu vilinikumbusha.

Nilingoja miaka miwili. Mwishoni mwa 2015 Warundi walianza kuja tena, kambi ya Nduta ikafunguliwa, na kazi za stoo na za kuandikisha watu zikatangazwa. Biashara ilikuwa imemshinda binamu. Alishuka kwenye basi Kibondo na begi la magurudumu. Waajiri walitaka barua ya mtendaji wa kijiji kwamba mwombaji ni mwenyeji, si mkimbizi, na mwisho wa kuipokea ulikuwa saa sita mchana siku ile. Mtendaji alikuwa mgeni kutoka Iringa, hamjui. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa msibani Kasulu, na bibi miguu ilikuwa imevimba.

"Kaka, nimebaki na wewe tu," akaniambia njiani. "Ni neno moja."

Ofisini wazee watano wa vitongoji vingine, wasiomjua binamu, walikuwa kwenye benchi wakisubiri zamu. Mtendaji alimsikiliza binamu na Kiswahili chake cha mjini, kisha akaniuliza, "Ndugu yako huyu?"

"Mtu wa kwetu anajulikana kwa salamu," nikasema. "Awasalimie wazee hawa kwanza."

Binamu akainama, akapiga makofi. Aliyapiga kwa viganja vilivyonyooka, kama mtu anayeshangilia goli, akasema "mwakeye," salamu ya asubuhi ya Kiha, akakwama hapo.

"Huyu anafukuza ndege mtamani," mzee mmoja akasema, benchi zima likacheka.

"Rudia," nikasema. "Wasikie."

Hapo akaelewa. Alinitazama kama nilivyomtazama Kariakoo. Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu viganja vyake vilijikunja vyenyewe, sauti ikashuka, akamuuliza kila mzee habari za nyumba yake, sawasawa na bibi. Wazee waliacha kucheka, wakamwitikia. Ningeweza kuishia hapo.

"Haya," mtendaji akasema. "Ni ndugu yako?"

"Simjui vizuri. Mtu wa stendi."

Sikumwita Mrundi. Neno lilifika kwenye meno, nikalimeza. Nilikula na Warundi Mtabila miaka mingi, na sikuona kwa nini jina lao liwe tusi.

Kesho yake bibi aliletwa kwa baiskeli, akamthibitisha, barua ikaandikwa. Nafasi ilikuwa imeshajazwa. Binamu akarudi Dar bila kuniaga.

Bibi hakuniitikia salamu mpaka mvua zilipokwisha. Kila asubuhi niliinama, nikapiga makofi, nikamuuliza ameamkaje, naye akaendelea kuchambua maharage. Nilirudia mara tatu, kisha nikaondoka. Sababu ya kumkana binamu sikumwambia. Ningemwambia, angejua kwamba salamu yake ilichekwa Kariakoo, na aliyesema irudiwe ni mtoto aliyemlea. Nikamwacha anione mimi ndiye mbaya. Njiani kurudi kwangu nilikuwa naukumbuka uso wa binamu pale ofisini, na nilitembea kwa raha.