Mwanamke wa Mashoka Katika Banda la Gemu

Kwa miaka miwili nilikuwa mzee mnene mwenye ndevu, na hakuna aliyenishangaa. Ndiye mpiganaji niliyemchagua kila jioni kwenye banda la gemu nyuma ya stendi ya Babati. Kitambi, nyundo mkononi, anahema hata kabla hajapigwa. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na haraka. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nachapa barua na kutoa fotokopi kwenye stesheneri, na ikifika saa kumi na moja jioni naweka kando ule uso wa "karibu mteja", naingia bandani kupigana.

Sheria ya banda ilikuwa moja. Anayeshinda anabaki kwenye benchi, anayepigwa anaacha pedi ya kuchezea, anainuka, anasubiri zamu yake amesimama. Hakuna cha mgeni wala mkubwa. Mimi nilikuwa mwanamke pekee aliyecheza pale, na nilikuwa napigwa vizuri tu kama wengine. Bingwa wetu, fundi simu mmoja mwenye vidole vyepesi, alinipiga karibu kila siku, halafu ananicheka usoni.

"Toka hapo mwanangu, kanyoe ndevu!"

Nilikuwa natoka huku namtukana, na roho yangu imetulia kabisa. Sijui kama naeleweka. Kazini kila mteja aliniita dada, nyumbani kwetu, mtaa wa Nangara, mama aliniuliza nitaolewa lini, na kanisani akina mama walishaanza kuniombea bila kunitaja. Pale bandani nilikuwa mtu wa kupigwa tu, na sikutaka zaidi ya hapo.

Mwenye banda alikuwa mama wa umri wa mama yangu. Alikaa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo, akiitikia shikamoo zetu bila kuinua kichwa. Yanayotokea kwenye runinga zake hayakumhusu. Ila alisikia wateja wanataka gemu mpya, akatafuta gemu mpya.

Mpiganaji mkuu wa gemu ile alikuwa mwanamke. Mabega mapana, nywele zimekatwa, kovu shavuni, mashoka mawili, na mapigano yake yote ni kwenye theluji. Jioni ya kwanza hakuna aliyecheza, tulibishana tu huku gemu ikijionyesha yenyewe kwenye runinga. Fundi simu alikuwa ameshatazama video za watu wa nchi za nje wakigombana juu yake, akaja na msimamo tayari.

"Wamemweka kwa lazima," alisema. "Wanataka waonekane watu wema."

"Mimi sina shida na mwanamke," akasema dereva mmoja wa bajaji. "Shida yangu sura. Nikae namwangalia huyu masaa matatu?"

Kumbe huko nje nako, kwa maelezo ya fundi, hawaelewani. Wapo wanaolalamika kwamba wanawake wa gemu za zamani walipigana nusu uchi, na wapo wanaolalamika kwamba huyu amevaa mno. Nilijaribu kufuata nani yuko upande wa nani nikapotea. Kijana mmoja wa upande wa Hanang akawashangaa wote.

"Kwetu mama anakamua ng'ombe, anachota maji, anabeba gunia la mahindi. Sasa ajabu iko wapi?"

"Huyo binti ana watoto?" mwenye banda aliuliza ghafla kutoka mlangoni.

Hakuna aliyejua.

"Basi ndiyo maana ana muda wa kupigana," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Tukacheka. Kisha fundi simu akanigeukia. "Wewe kama mwanamke, unaonaje?"

Niligeuka kutazama nyuma yangu. Kweli kabisa, nilidhani kuna mwanamke ameingia.

"Naona shoka la kushoto linachelewa kurudi," nilijibu.

Wakasema hapana, wanataka maoni. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimempenda yule mwanamke mara tu nilipomwona, na niliona aibu kumpenda, kama mtu aliyekutwa akijitazama kwenye kioo cha duka. Papo hapo nilikuwa nimemchukia, maana kabla hajaja hakuna aliyekumbuka mimi ni nani. Mambo hayo mawili yalinipanda pamoja, na mimi nikipandwa huwa naongea.

"Nyie mmewahi kujiuliza ilinichukua siku ngapi kuingia humu? Wiki nzima nilipita hapo mlangoni najifanya natafuta vocha! Kuna mtu alinikaribisha? Kuna mtu aliniambia kaa? Mnaporomosha matusi mbele yangu kama vile mimi ni ukuta!"

Ile wiki nzima ilikuwa kweli. Ya matusi nilidandia tu, kwa sababu mle ndani mimi ndiye niliyekuwa natukana kuliko wote. Lakini maneno yakishaanza kutoka yanavutana, na mengine sijui hata niliyatoa wapi. Fundi simu akainamisha kichwa.

"Kweli tumekosa," akasema.

Nilikwenda nyumbani najiona shujaa. Karibu na kwetu nikaanza kujiuliza nilikuwa nimeomba nini hasa.

Kesho yake nikakuta kiti. Kiti cha plastiki chenye egemeo, kimefutwa vumbi, kimewekwa pembeni ya benchi. "Karibu dada," fundi simu akaniambia. Hakuna aliyetukana. Dereva wa bajaji aliteleza mara moja, akajiziba mdomo, akaniomba radhi. Nikapewa zamu ya kwanza bila kupanga foleni. Nikamchagua mwanamke wa mashoka kwa sababu wote walikuwa wananitazama kuona kama nitamchagua. Ningemchagua mzee wangu ningeonekana nawasaliti wanawake wa dunia nzima. Sikujua hata namna ya kumchezesha.

Nikamshinda fundi simu.

Siku hiyo niliitamani kwa miaka miwili. Nilishapanga hadi nitakavyomcheka. Watu wakapiga makofi, nami nikatazama mikono yake. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya pedi, hakibonyezi kitu.

"Umeniachia."

"Hapana dada, umenizidi."

Akatabasamu kama mtu anayempisha mgeni kwenye kochi. Hakukuwa na dharau hata chembe, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, kwa sababu anayenidharau ningejua cha kumfanya. Akaacha pedi, akainuka. Akakaa dereva wa bajaji, nikamshinda. Akakaa mwingine, nikamshinda. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuinuka, maana anayeshinda anabaki.

Akaja kijana wa Hanang. Tukagusana kidogo mwanzoni, akaumia yeye, halafu nikaamua kuacha kubonyeza kabisa ili anipige. Mwanamke wa mashoka akasimama katikati ya theluji. Mpiganaji wake naye akasimama. Kila mmoja akamsubiri mwenzake, sekunde zikihesabika juu kwenye runinga, mpaka muda ukaisha. Mashine ikasema nimeshinda mimi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Makofi.

"Nipigeni!" nilisema. Sauti ilinitoka vibaya, imekaribia kilio, na hilo likawazidishia upole. Wakatazamana. Mmoja akanisogezea maji.

"Dada," fundi simu akauliza, na aliuliza kwa moyo wote, "tumekosea nini tena?"

Kiti niliwadai mimi. Matusi niliwagombeza mimi. Hata hilo la kuachiwa nishinde, nikirudia maneno yangu ya jana yake, nisingeweza kuapa kwamba halikuwemo. Ningesema warudi kunitukana? Ningeanzia wapi kueleza kwamba yule mwanamke nampenda, na wao nawapenda, na ninachotaka ni mtu mmoja tu mle ndani anipige kwa nguvu zake zote?

Nikaweka pedi kwenye benchi, nikainuka bila kupigwa na mtu yeyote. Wote wakanipisha njia.