Printa Iliyomkataa Baba

Mimi ni sekretari wa shule ya msingi. Kwa miaka kumi na tisa nimechapa mitihani, barua za kuwaita wazazi na ratiba za mazishi ya watu wengine. Kwa hiyo tulipogawana kazi za mazishi ya Baba, hakuna aliyeuliza programu itaandaliwa na nani. Kakangu alichukua jeneza na gari, dadangu akachukua chakula, mimi nikabaki na karatasi. Kusema kweli, nilifurahi. Karatasi hazilii wala hazikuulizi marehemu alisema nini mwishoni.

Kwetu programu ya mazishi si jambo dogo. Watu huenda nayo nyumbani, huiweka kabatini, na miaka mingi baadaye unaikuta kwa jirani, uso wa mtu wako ukikutazama kutoka chini ya sahani. Uso ule wa jalada ndio unaobaki. Na Baba alikuwa na nyuso mbili tu kwenye karatasi. Ule wa kitambulisho, amekodoa macho kama aliyeshikwa na kuku wa jirani, na ule wa studio, Muhoroni, enzi akiendesha trekta ya kubeba miwa. Hapo amevaa koti la kuazima, kofia imelalia upande, na anacheka. Anacheka kwa sababu mpiga picha alimwonya asicheke. Picha hiyo aliipeleka mwenyewe ikalaminishwa, ikawa ngumu kama kadi, na Mama hakukubali itoke nje ya nyumba.

"Hiyo ikipotea, mimi nabaki na nini?" alisema.

Basi niliipiga picha kwa simu nikamtumia mchapishaji wa mjini. Akanirudishia neno upesi: plastiki imemeremeta katikati ya uso, pua haionekani.

"Madam, niskanie vizuri," alisema nilipompigia pale sebuleni, simu ikiwa kwenye spika. "Lakini nipate kabla ya saa kumi. Kazi ikishaingia kwa mashine sisimamishi. Nikikosa, naweka ile ya ID uliyonitumia."

Saa ilikuwa nne na nusu asubuhi. Nilicheka. Printa ninayo nyumbani, ile ya kuchapa, kutoa kopi na kuskani, isiyotaka waya. Baba angekuwa kwenye jalada, na kofia yake, kabla chai haijapoa.

Printa hukaa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, karibu na ruta ya waifai. Laptopu yangu ni mgonjwa wa siku nyingi. Betri ilikufa, inaishi kwa waya, na ekstensheni ya nyumba ilikuwa imetolewa nje kwenye tenti kwa ajili ya spika za kwaya. Kwa hiyo niliichomeka chumbani kwangu, upande wa nyuma. Sikuona ubaya wowote. Ndiyo raha ya printa isiyo na waya, unaweka karatasi huku, unabonyeza kule.

Mama alikuwa sebuleni peke yake. Tangu Baba atutoke tulikuwa tumemleta kwangu, hapa Nyamasaria, akae hadi siku ya kuusafirisha mwili. Wanawake walikuwa nje wakichambua mboga, yeye ameketi kwenye kochi, miguu ameinyoosha. Nilimwonyesha picha.

"Mama, namskani Baba mara moja tu, halafu nakurudishia."

Aliniangalia, kisha akaitazama printa. Niliilaza picha juu ya kioo, uso chini, nikafunga kifuniko, nikaenda chumbani.

Laptopu ikasema haioni skana yoyote.

Hapo sikushtuka. Nilifanya yale ambayo huwaambia walimu wafanye. Nilizima printa, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha. Nilizima ruta, nikawasha. Niliandika nywila upya, herufi kubwa na ndogo, nikiitamka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Bado. Nilikasirika, maana kazi hii ndiyo ninayolipwa kuifanya. Karibu saa sita ndipo nilipoona kwamba laptopu ilikuwa imejishikiza kwenye intaneti ya simu ya kakangu, aliyekuwa kwenye tenti akijadili bei ya jeneza. Printa iko kwenye waifai ya nyumba, laptopu iko kwenye mfuko wa suruali ya kaka. Wangeonana vipi? Nilijitukana kwa Kijaluo, nikairudisha nyumbani, skana ikaonekana.

Nikabonyeza. Nikasikia printa ikinguruma kule sebuleni. Ukurasa ukashuka polepole kwenye kioo cha laptopu, na ulikuwa mweupe, mweupe kabisa.

Nikadhani nimeilaza vibaya. Nikarudi sebuleni nikiburuta slipa zangu, nikafunua. Picha ipo, uso chini, sawasawa. Nikaisogeza kwenye pembe yenye alama ya mshale, nikarudi chumbani, nikabonyeza. Nyeupe. Nikapangusa kioo kwa spiriti. Nyeupe. Nikaongeza weusi, nikapunguza mwanga, nikachagua "picha" badala ya "hati". Nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Nikasema hapana, skana imekufa. Nikachukua kitambulisho cha Baba, nikakiweka. Kikatokea safi, kila unywele wa kidevu, mwizi wa kuku mwenyewe. Nikarudisha picha ya studio. Nyeupe.

Sasa nilikuwa nimekaa kitandani na akili yangu imesimama. Nimewahi kuona printa ikila karatasi na ikichapa lugha isiyojulikana. Sijawahi kuona printa inayochagua. Nikajiambia labda ni plastiki, inarudisha mwanga. Lakini kitambulisho nacho si plastiki? Nikaamua kufanya jaribio la mwisho, la kitaalamu. Nikaviweka vyote viwili kwenye kioo, picha kushoto, kitambulisho kulia, bega kwa bega. Nikafunga. Mama alikuwa pale pale kwenye kochi.

"Bado inakataa?" aliniuliza.

"Bado, Mama."

"Pole," alisema.

Nikaenda, nikabonyeza. Kitambulisho kilitokea upande wa kulia, na upande wa kushoto hakukuwa na kitu.

Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nimezaliwa huku, na nimeona gari la maiti likizimika katikati ya barabara nzuri, fundi akikosa kasoro, hadi wazee wakashuka wakazungumza na marehemu taratibu ndipo likawaka. Marehemu hukataa. Hukataa njia, hukataa gari. Lakini kukataa picha yake mwenyewe, aliyoipenda? Tulikuwa tumemkosea nini? Niliogopa, sina haya kusema. Saa ilikuwa tisa na robo, mchapishaji alikuwa ameshapiga mara mbili, na mimi, sekretari mzima, nilikuwa najiuliza niombe radhi kwa nani.

Nikavua slipa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilitaka kuomba. Nilibonyeza mara nyingine, na badala ya kungoja nikakimbia sebuleni miguu mitupu kuitazama mashine ikifanya huo uchawi wake.

Mama alikuwa amesimama mbele ya printa. Kifuniko kimefungwa, mwanga unapita chini yake kutoka upande hadi upande, na picha ya Baba ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa hajanisikia. Alingoja mwanga uzime, akafunua, akaanza kuilaza picha mahali pake kwa uangalifu, uso chini, akiipima na ule mshale.

"Mama!"

Akaruka. Kisha akaikumbatia tena.

"Mama, ni wewe? Muda wote huu ni wewe?"

"Nilikuwa nasikia slipa yako," alisema. "Nikisikia, narudisha."

Nilitaka kupiga kelele. Saa tatu nzima! Nikafungua kinywa na maneno yote ya hasira yalikuwa tayari, lakini alikuwa ameificha picha chini ya leso.

"Kwa nini?"

"Umesema unamfanyia skani." Kiswahili cha Mama ni cha nyumba za wafanyakazi wa miwa, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake. Ndicho tulicholelewa nacho. "Skani si walimfanyia hospitali? Mara moja haitoshi? Aliingia hapo akiongea, nyara, binti yangu. Akanipa kofia yake nishike, akaniambia usiende mbali. Mimi nikasema nitaingia na yeye, wakasema hapana, mama, ngoja nje. Wakafunga mlango. Kutoka, ananiangalia hivi, hajui mimi ni nani. Hajui jina yangu! Mpaka akafa hajui."

Siku ile nilikuwa kazini. Nilijua habari yote kwa simu: kiharusi, picha ya kichwa, damu imevuja, hakuna la kufanya. Nilijua kwamba ni ugonjwa uliomfunga ulimi, si mashine. Kofia sikuambiwa. Wala sikujua kwamba Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango, bila mtoto wake hata mmoja.

Nikajaribu hila, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda.

"Basi hii si skani, Mama. Ni kopi tu."

"Usinidanganye. Mtu wa simu amesema skani, na wewe umesema skani." Akaitazama printa kutoka juu hadi chini. "Taa yake ni ile ile."

Nilikaa kwenye mkono wa kochi nikaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, mimi niliyekuwa nimechukua karatasi ili nisilie. Nikaamua nimpigie mchapishaji, nimwambie aweke ile ya macho ya kukodoa. Mama akaniacha nilie kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki, "Hii iko na mlango?"

"Nini?"

"Hii masini. Lazima ifungwe?"

"Hapana. Kifuniko tu, na hata kikiwa wazi inafanya kazi."

"Na mtu akisimama hapo, wanamfukuza?"

"Nani atamfukuza, Mama? Ni nyumba yangu."

Akafikiri. Kisha akaipangusa picha kwa ncha ya leso, akailaza juu ya kioo, na hakuondoa mkono. Niliona midomo yake ikisogea. Alimwambia kwa Kijaluo, kik iluor, antie ka, usiogope, niko hapa. Nikatoka mbio kwenda chumbani.

"Nabonyeza!" nilipaza sauti.

"Bonyeza," alijibu kutoka kule. "Niko na yeye."

Ukurasa ulianza kushuka. Pembeni palikuwa na giza kwa sababu ya kifuniko kilichoachwa wazi, na ndani ya giza ikaja kofia, kisha paji la uso, macho yaliyofumbwa nusu kwa kicheko, meno, koti la watu. Baba, mzima, kama alivyokuwa kabla hatujazaliwa. Niliituma bila hata kuisafisha. Saa kumi kasorobo.

Mchapishaji alipiga baada ya dakika chache.

"Hii sasa ni picha, madam. Mzee ametokea smart. Ila hapa kwa bega kuna kidole cha mtu kimeingia. Usijali, nakikata."

"Usikikate."

"Kitaonekana kwa jalada, madam. Watu watauliza ni kidole cha nani."

"Waambie ni cha mke wake," nilisema. "Safari hii aliruhusiwa kuingia."