Mashine Iliyomkataa Kaveke

Mimi naitwa Benta, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga nje ya lango la kiwanda kimoja hapa Thika, na hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema ili usije ukashangaa huko mbele. Hatua nne kutoka kwangu anakaa Kaveke, muuza uji. Yeye hana hasira. Ana maoni, na hayo yanachosha kuliko hasira, kwa sababu hasira huisha.

Kaveke ana miaka sitini na mmoja. Alikuja kutoka Kitui akiwa msichana, akaponda kokoto kwenye machimbo ya mawe ya Ndarugu miaka ishirini na sita, akasomesha watoto wanne, halafu mgongo ukamwambia basi. Siku hizi tunaishi ploti moja kule mtaa wa Landless, mlango wangu unaangalia wake. Mimi humwita Mama Mwongeli, kwa jina la binti yake wa kwanza, na yeye huniita Mama Lynn. Wafanyakazi wa kiwandani humwita Bunge. Hakuna mtu amewahi kumaliza kikombe cha uji pale bila kuelezwa vile pesa za umma zimetumika.

"Ukinunua kiberiti umelipa ushuru," huwaambia. "Ukinunua sabuni umelipa. Kwa hivyo usiniambie eti barabara ni ya mheshimiwa. Ni yako, hata kama unatembea na miguu kando yake."

Na usidhani ni mama wa kizamani anayeogopa vitu vipya. Katika ploti yetu ndiye alitangulia kutuma pesa kwa simu, na sasa wateja wanamlipa kwa namba aliyoipaka rangi kwenye ndoo. Husema simu haijawahi kumdharau. Kukitangazwa kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, Kaveke huzima jiko mapema na kwenda. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia wale wanatuita tujaze viti, tunywe soda, tuandike majina, halafu wanafanya kile walikuwa washaamua. Yeye hunijibu tu, "Asiyekuwapo na lake halipo," anavaa sweta na kwenda zake.

Mwaka jana macho yake yakaanza kumsumbua. Alimimina uji nje ya kikombe cha mteja, mteja akadhani ni mzaha. Wiki iliyofuata alimwaga tena. Tulipompeleka hospitali, daktari alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeumia sana ila bado lina mwanga wa kuokoa, na la kulia linafuata. Anahitaji operesheni kwa yote mawili, haraka, kabla mwezi haujaisha, maana ugonjwa huu kile umechukua haurudishi. Bima ingelipa kila kitu. Tukashukuru Mungu, tukaenda risepsheni.

Hapo ndipo tulikutana na mashine ya vidole. Unaweka kidole, taa inawaka kijani, bima inakutambua. Kaveke akaweka kidole gumba, taa ikawaka nyekundu. Marvin, karani wa pale, ni mpole kweli. Alimpangusa vidole kwa pamba, akajaribu vyote kumi, kimoja kimoja. Vyote vikakataa, ila kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilifanya ile taa isitesite kidogo kabla ya kukataa.

"Mama, vidole vyako havina mistari," Marvin akasema. "Ni laini. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kuponda mawe."

Marvin akaiweka pamba chini. Akamwambia arudi Ijumaa, apumzishe mikono, labda kile cha pete kitashika. Hakukuwa na njia nyingine ya kumwingiza. Hata kitambulisho chake, chenye picha yake na jina lake lote, hakikusaidia kitu.

Ploti nzima ikawa madaktari. Mmoja alisema apake parachichi. Mwingine akaleta mafuta ya kukamulia ng'ombe. Mimi nami sikuachwa nyuma. Nilisema vumbi la mawe limeingia ndani ya ngozi, na dawa yake ni kusugua. Nikachukua lile jiwe langu la kusugulia visigino, nikakoroga magadi kwenye maji moto, nikakaa na Kaveke jioni tatu nikimsugua kidole baada ya kidole kwa nguvu zote nilizotoka nazo Siaya. Vidole vikang'aa kama sahani ya wageni. Nilijivunia kazi yangu, aki.

Ijumaa Marvin aliishika ile mikono, akaigeuza, akaangalia mashine, akaangalia mikono tena. "Mama, juzi kulikuwa na kimoja kinakaribia. Leo hakuna hata kimoja. Nani amekusugua?"

Ukutani kulikuwa na picha ya mama ananyonyesha, yenye maandishi mengi. Nikaisoma yote, juu mpaka chini.

Tulipotoka nje nilikaa kwenye ukingo wa maua nikalia. Nilimwambia ni mimi nimemharibia, macho yake yakipotea ni juu yangu. Kaveke alinitazama kwa muda, akisogeza kichwa huku na huku kunipata vizuri.

"Mama Lynn," akasema, "wewe umesugua siku tatu. Mawe yamesugua miaka ishirini na sita. Usijipe cheo."

Nilicheka na makamasi yakinitoka. Lakini moyoni niliumia, na bado naumia.

Jumapili Mwongeli, yule binti yake anayekaa Mwihoko, upande wa Ruiru, akapiga simu. Kuna kikao cha bajeti leo Ruiru, kwenye ukumbi wa kanisa, na kati ya mambo ya kujadiliwa ni kununua mashine za vidole za zahanati zote. Kaveke hakumaliza hata chai. Akasema twende, na tumchukue Maluki.

Maluki ni jirani yetu, anafagia pale kiwandani. Zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, dawa za kulainisha ngozi zikamla vidole. Ana ugonjwa wa sukari, na mguuni alikuwa na kidonda kilichokuwa kikinuka. Mashine ilikuwa imemkataa mara tano. Yeye hakuwa amelalamika popote. Alidhani ni bahati yake mbaya, nayo bahati mbaya utaishtaki wapi?

Ukumbi ulijaa. Mbele alisimama afisa mmoja, Bwana Ngigi, na mashine mpya kabisa mezani. Alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema wezi wamekuwa wakitibiwa kwa majina ya watu wengine, pesa za wananchi zinapotea, na kidole hakidanganyi. Akaita watu watatu wajaribu. Mwalimu mmoja, kijana wa chuo, na dada wa benki. Kijani, kijani, kijani. Watu wakapiga makofi.

Kaveke akainua mkono. Alipopewa nafasi hakuanza kulia shida zake, na mimi ningeanzia hapo. Alisema, "Afisa, asante. Mimi naunga mkono pesa za umma zichungwe, kwa sababu zingine ni zangu. Naomba watu wengine pia wajaribu hiyo mashine. Hapa ndani, ni nani amefanya kazi ya mikono zaidi ya miaka kumi? Kujeni mbele."

Mwanzoni hakuna aliyesimama. Tunajua aibu yetu. Halafu Maluki akasimama na mguu wake, akaanza kutembea polepole katikati ya viti. Wakamfuata. Mama wa kufulia watu nguo, na mimba yake kubwa. Wachuma kahawa wawili. Mafundi wa mjengo. Mzee wa kuchoma makaa. Pamoja na Kaveke wakafika kumi na mmoja.

Maluki, nyekundu. Mfua nguo, nyekundu. Fundi mmoja wa mjengo, kijani, na yeye mwenyewe akashangaa, akaiangalia mikono yake kama amekosea watu. Nyekundu. Nyekundu. Bwana Ngigi alikuwa anapangusa kioo cha mashine na leso yake kila mara, jasho likimtoka. Walipomaliza, watu saba walikuwa wamekataliwa, Kaveke akiwa wa saba. Ungesikia watoto wa Sunday school wakicheza nje.

Kaveke akageukia watu, akasema kwa sauti yake ile ya kuuza uji, haikupanda wala kushuka. "Hii mashine inatambua mwalimu na mtu wa benki, na ni vizuri, wao pia wanaumwa. Lakini huyu amelainisha ngozi za viatu vyenu. Huyu amefua mashuka yenu. Mimi nimeponda mawe ya hizi nyumba mnalala. Tumefanya kazi mpaka alama zikaisha, halafu hospitali inatuuliza sisi ni akina nani. Sikatai mashine. Nataka muandike kwenye hiyo bajeti njia ya pili ya kumtambua mtu, kabla hamjanunua ingine hata moja."

Hakupigiwa makofi mara moja. Watu walianza kwa kusimama. Mimi nilikuwa nalia tena, na safari hii sikujificha.

Bwana Ngigi aliandika. Nilimwona kwa macho yangu, akauliza hata jinsi ya kuandika jina la Maluki. Kikao kilipokwisha akamvuta Kaveke kando. Mimi nikafuata, kwa sababu mambo ya kando ndiyo huwa ya maana. Alisema hiyo njia ya pili itachukua muda kupita. Kwa sasa anaweza kuombea watu kibali cha kutambuliwa kwa barua, lakini barua zinapitia ofisi kubwa, na wanakubali watu wawili tu kwa wiki.

"Wewe mama njoo Jumatatu," akasema. "Nitakupitisha wa kwanza. Macho hayangoji."

Nikashika mkono wa Kaveke nikaufinya. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu.

"Na hawa wengine sita?" Kaveke akauliza.

"Hao tutawapanga baadaye, labda mwezi ujao."

"Tuwapange sasa," Kaveke akasema.

Akawaita, akauliza kila mmoja anaumwa nini. Maluki na mguu wake akawa wa kwanza. Mfua nguo aliyekuwa karibu kujifungua, wa pili. Mzee wa makaa alikuwa na kifua. Mchuma kahawa mmoja alikuwa na mtoto anayetibiwa kwa bima yake. Kila Kaveke alipomaliza kusikiliza mtu, alijirudisha nyuma nafasi moja. Mwisho wa yote alikuwa wa saba. Watu wawili kwa wiki, hiyo ni wiki ya nne.

Nje ya kanisa nilimkaripia mbele ya Mwongeli, aliyekuwa amekuja kikaoni, na mbele ya kila mtu. Nilimwambia hiyo ni ujinga na siyo wema. Yeye ndiye amesema, yeye ndiye amepigania, mbona awe wa mwisho? Mkono mtupu haulambwi, na wake ameufanya mtupu yeye mwenyewe. Mwongeli alikuwa analia. Kaveke alisubiri nimalize.

"Mama Lynn, nikisema pale mbele haki, halafu nipite mlango wa nyuma, basi nilikuwa naomba msaada tu," akasema. "Na msaada sikuendea."

Zile wiki nne sitaki kuzikumbuka. Niliamka nikimwangalia anavyopapasa ukuta kwenda bafuni. Alianza kuhesabu vikombe kwa kuvigusa. Ugomvi wake na wateja kuhusu deni la taifa haukukoma hata siku moja, na hilo ndilo lilinisaidia kuvumilia. Barua ya Maluki ilikuja wiki ya kwanza. Daktari alimwambia angechelewa siku kumi zaidi wangekata mguu chini ya goti. Mfua nguo alijifungua salama, mtoto wa kike.

Barua ya Kaveke ikaja. Wakampasua. Daktari alitutoa nje mimi na Mwongeli, akatuambia la kulia limeokoka, la kushoto walikuta limekwisha. Nilitaka kuvunja kitu pale hospitali, lakini hakukuwa na kitu cha kuvunja ila viti vya plastiki.

Sasa kwenye ile risepsheni kuna kitabu kikubwa cha wale mashine imewakataa. Marvin anaandika jina, anaangalia kitambulisho, anakupitisha. Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia mzee mmoja, "Usijali, unaingia kwa njia ya Kaveke." Bajeti yenyewe ilipita vipi sijui, hayo atakwambia Kaveke ukinunua uji.

Juzi nilishindwa kunyamaza. Tulikuwa pale langoni tukingoja watu watoke zamu. Nilimwambia kile kilikuwa kinanikaba tangu siku ile ya Ruiru. "Mama Mwongeli, ungekubali ile Jumatatu, saa hii ungekuwa na yote mawili."

Alikoroga uji kidogo. "Ningekuwa nayo," akasema. "Na ningeyatumia kumwangalia Maluki akipita na mkongojo kila siku."

Mimi Benta, niliyezoea kujibu hadi redio, nikaanza kupanga mboga zangu upya. Lango likafunguliwa, watu wakamwagika barabarani, mamia, wote na maovaroli ya rangi moja. Kaveke akainua kichwa, akageuza shingo yote kama anavyofanya siku hizi, akaita, "Maluki, uji wako unapoa."

Mimi nilikuwa bado namtafuta. Alikuwa kule nyuma kabisa ya umati, anakuja kwa miguu yake miwili.