Mlango wa Indumati

Shantaram Dhuri alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo kule Lalbaug, katikati ya jiji, mpaka kiwanda kilipofungwa. Baada ya hapo alilinda maghala, akauza karanga, akafanya kila kazi isipokuwa kulalamika. Kulalamika aliniachia mimi, jirani yake.

Jengo letu lilikuwa la chumba kimoja kimoja, baraza moja ndefu mbele ya milango yote, na vyoo mwishoni. Vijana husema palikuwa pachafu. Kweli, palikuwa pachafu. Lakini mlango uliofungwa mchana kwetu ulikuwa na maana mbili tu: ndani kuna maiti, au kuna ugomvi. Yote mawili yalihitaji majirani, kwa hiyo tuliingia bila kubisha.

Mke wa Shantaram, Indumati, alipofuka kwa ugonjwa wa sukari. Mchana kutwa alikaa kizingitini akichagua mchele, na kila aliyepita alimjua kwa nyayo zake. "Shemeji, goti limekuuma tena leo," alikuwa akiniambia hata sijafika ngazi ya juu. Sokoni alikwenda peke yake, hekaluni peke yake. Ule mtaa ulikuwa miguuni mwake.

Kisha tajiri wa majengo akatubomolea. Alisema tutafute pa kujishikiza, ghorofa jipya likisimama tutarudi. Halijasimama mpaka leo. Kuna shimo, na maji, na vyura. Wengi wetu tulikwenda Virar, nje kabisa ya jiji, huko treni inakochoka. Shantaram alikataa.

"Hapa anatembea," aliniambia. "Kule nitamfungia kama kuku. Nitafute hapahapa, hata kama ni chini ya ngazi."

Basi akampata dalali, kijana mmoja aitwaye Bhavesh, mwenye simu mbili na mdomo mmoja uliofanya kazi ya mitatu. Nilipanda treni kutoka Virar nikafuatana nao. Wenye nyumba wengi pale hawali nyama wala samaki, na hawampangishi anayekula. Nyumba ya kwanza, mwenye nyumba aliuliza mlangoni, "Mnakula nini?"

"Wali na dengu," akasema Shantaram. Kisha, kwa kuwa hajui kusema uongo hata nusu, akaongeza, "Na samaki. Lakini wakavu tu, hawana damu."

Mlango ukafungwa. Bhavesh akashika kichwa. "Mzee, nani kakuuliza habari za damu? Unatafuta nyumba au unatubu?"

Nyumba ya pili walitaka mtu mwenye kazi ya ofisini. Ya tatu hawakutaka wazee, maana mzee akifia ndani nyumba hupoteza bei. Walisema hivyo mbele yetu, kwa adabu, huku wakitukaribisha maji ya kunywa.

Mwishowe kikapatikana chumba na jiko katika mnara wa ghorofa nyingi uliojengwa pale pale kiwanda kilipokuwa. Mwenye nyumba alikuwa ng'ambo. Bangili za harusi za Indumati zikauzwa kwa ajili ya amana ya nyumba, na mkataba ukawa wa miezi kumi na mmoja, kama ilivyo desturi, ili mpangaji asije akaota mizizi. Katibu wa kamati ya jengo, Bwana Vakharia, aliwahoji kama wezi. Safari hii samaki hawakutajwa.

"Miaka yote niliyofuma hapa," Shantaram aliniambia tukishuka kwa lifti, "hakuna aliyeniuliza ninakula nini." Lakini alikuwa akicheka. Kutoka pale mpaka hekaluni ni kona mbili tu, na Indumati alikuwa amekwisha kuzikumbuka.

Asubuhi ya kwanza, Indumati alifungua mlango, akaweka mkeka kizingitini, akaanza kuchagua mchele.

Majirani walimpita kama wanavyopita chungu cha maua. Yeye akawasikiliza. Baada ya wiki chache alikwishawajua wote. Akaanza kuwasalimu.

"Mwanangu," alimwambia msichana mmoja wa mlango wa pili, mfanyakazi wa benki, "jana ulirudi unaburuta miguu, na leo asubuhi hukwenda kazini. Wamekufukuza? Njoo unywe chai."

Kwetu, msichana angeketi alie, na mpaka jioni jengo zima lingekuwa linamtafutia kazi. Huyu aliingia kwake, akafunga kwa ufunguo, akaiandikia kamati.

Bwana Vakharia alikuja mwenyewe. Nilikuwepo, nimekuja kuwatembelea.

"Mzee, mkeo anapeleleza watu."

"Haoni, bwana!"

"Ndiyo maana anasikiliza. Hapa watu wamenunua utulivu wao. Mlango ufungwe."

Shantaram akaufunga. Indumati akageuza uso. "Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Ndiyo sheria ya hapa."

Alivumilia mpaka kesho yake. Shantaram aliporudi kutoka dukani alikuta mlango wazi, na mkeka mahali pake.

"Shemeji, ufunge tu," nilimsihi nilipokuja tena.

"Nikifunga sijui hata ni saa ngapi," alinijibu. "Wewe una saa. Mimi nina watu wanaopita."

Mwezi haukuisha. Bhavesh alileta ujumbe wa mwenye nyumba akitazama viatu vyake: mkataba umevunjwa. Shantaram hakubishana. Alizunguka tena Lalbaug nzima na Parel, mtaa wa jirani, kwa miguu, na kila kamati ilikwishasikia habari za mama kipofu wa kizingitini. Majirani hawajuani, lakini kamati zao zinajuana vizuri.

Sasa wako Virar, ghorofa ya kumi na nane, barabara tatu kutoka kwangu. Mbwa wa chini ni wakali na njia hazina ukingo, kwa hiyo Indumati hatoki. Mlango wao ni wa chuma na hujifunga wenyewe.

Nilikwenda kumwona Jumapili. Shantaram alikuwa kazini, amerudia ulinzi. Nilitembea kwenye ule ujia nikikanyaga kwa nguvu, goti langu bovu likiburutika kama zamani, nikasimama mlangoni nikingoja kuitwa.

Sikuitwa. Nikabisha.

"Ni nani?" akauliza Indumati.