Sweta za Kuzuia Joto

Mama mkwe wangu alikuwa na elimu yake kuhusu joto, nayo ilikuwa fupi: nguo inayozuia baridi haiwezi kushindwa kuzuia joto. Ukivaa sweta nzito Lushoto mwezi wa saba, baridi haikuingii. Basi ukishuka nyika vaa sweta hiyohiyo, joto nalo litabaki hukohuko nje. Nilipojaribu kubisha aliniuliza kama nimewahi kushuka nyika na watoto wachanga. Sikuwahi. Yeye pia hakuwahi, ila hilo halikumsumbua hata kidogo.

Safari yenyewe ilianzia kwenye simu. Mume wangu alikuwa fundi wa simu na hakuwa na imani na barua. Alihamishiwa Unguja nikiwa na mimba, pacha wakazaliwa hayupo, wakafika miezi mitano hajawatia machoni. Siku moja nikaitwa mbio posta. Nikashika mkono wa simu kwa mikono miwili, nikapiga kelele, naye akapiga kelele kutoka upande wa pili, na wateja wote waliokuwa kwenye foleni ya stempu wakanyamaza ili wasikie vizuri. Amechaguliwa kwenda kusoma ng'ambo, miaka mitatu. Meli inaondoka Unguja Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi. Likizo ya kuja nyumbani hakuna.

"Mama Pacha," akasema, sauti ikakatika katikati, sijui ni waya au ni yeye, "niletee watoto niwaone. Hata mara moja tu."

Nikasema nitawaleta. Ningesema nini? Miaka mitatu si mchezo. Mtoto wa miezi mitano anakuwa mtu anayekimbia na kujibu watu jeuri, na baba yake anamkuta hivyo, kama kamwokota njiani. Nililia palepale posta, mwanamke mmoja wa kwenye foleni akanishikia mkoba.

Kwa kuwa posta nzima ilisikia, jioni ile mtaa mzima ulijua. Mama mkwe akatangaza kwamba anakwenda na mimi, maana wajukuu wake hawawezi kupelekwa nyika na mwanamke mmoja mwenye hasira. Hasira ni mimi. Akaitisha wanawake wenzake wa kanisani, wale waliojifunza kufuma misheni Mlalo, wakafuma wiki nzima: sweta, kofia za kufunika masikio, soksi zinazofika mapajani. Sufu ya kondoo, nene, inayowasha. Vilevile akajaza dumu la maji ya chemchemi ya nyumbani, kwa sababu maji ya nyika yana homa, kila mtu anajua, na watoto wasiguse tone lake.

Kisha akaja balozi wa nyumba kumi. Siku zile Muungano wetu ulikuwa bado mchanga, mambo ya Unguja yalikuwa moto, na huyu ndugu alikuwa anatafuta pa kuwekea hotuba. Akasimama uani kwetu, akazungumzia udugu wa wakulima wa milimani na ndugu zao wa visiwani, akamaliza kwa kutukabidhi gunia la kabichi. Salamu za Usambara. Nikamwambia, ndugu balozi, nina pacha, nina binti wa miaka minne, nina dumu la maji na nina mama mkwe. Akasema ndiyo maana amechagua kabichi na si viazi, viazi ni vizito.

Tukashuka. Hadi Soni mambo yalikuwa shwari, hata nikajiona mjanja. Kila kona baada ya Soni hewa ikawa nzito, na tulipofika Mombo lile joto la nyika likatupokea mlangoni mwa basi. Pacha wakaanza kulia. Mama mkwe akawatazama, akasema, "Mnaona? Joto limeshapata upenyo," akawafunga kofia vizuri zaidi.

Kwenye treni ya kwenda Tanga alifunga madirisha. Yote, si ya kwetu tu. Alipita behewa zima akifunga, anasema kwa upole kabisa kwamba kuna watoto wachanga, joto lisiingie. Abiria wakafungua. Akafunga. Baba mmoja wa Korogwe akamuuliza, "Bibi, unataka kutupika?" Akajibiwa kwa Kishambaa, maneno ambayo sitayaandika hapa, na yule baba kumbe alikuwa Mshambaa mwenzetu, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo mama, funga tu."

Binti yangu wakati huo alikuwa na kazi yake. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mkubwa hapitwi bila shikamoo, na huko kwetu wakubwa anaokutana nao kwa siku ni wa kuhesabika. Kwenye treni walijaa behewa. Akaanza upande mmoja, shikamoo, shikamoo, akisubiri kila mmoja aitikie, na asiyeitikia anasalimiwa upya hadi aitikie. Alipomaliza, treni ikasimama steshini, wakashuka watu na kupanda wengine, mtoto akaanza tena. Nilimwambia apumzike. Akaniuliza, "Hawa si wakubwa?"

Tanga, binti alipoiona bahari, aliuliza nani amemwaga maji yote yale. Kwenye meli sote tulitapika isipokuwa mama mkwe, ambaye alikataa. Alikaa wima juu ya gunia la kabichi, mjukuu mmoja kila paja, amekunja uso, na nadhani matapishi yenyewe yalimwogopa.

Tukafika Unguja Ijumaa asubuhi. Meli ya mume wangu ilikuwa inaondoka kesho yake. Siku nzima mkononi! Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilishamwona hata yeye, kasimama ng'ambo ya geti la bandari, kavaa shati jeupe, anapunga mikono yote miwili.

Kati yetu na lile geti alikuwapo bwana afya, kijana mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akatazama watoto. Nyuso nyekundu, macho mekundu kwa kulia, miili inaunguza kama chungu. Akafunua shingo ya mmoja. Vipele. Akafunua ya mwingine. Vipele. Akarudi nyuma hatua tatu nzima.

"Surua," akasema. "Karantini."

Karantini ilikuwa chumba kimoja pembeni ya bandari, chenye uwanja mdogo wa mchanga na uzio wa waya. Tukaingizwa sote, na gunia, na dumu. Mume wangu akaja mbio upande wa pili wa uwanja, akashika waya, mlinzi akamwonya: akigusana na wagonjwa, yeye naye ataingia humo siku zote za karantini, na meli haitamsubiri. Nafasi ya masomo atapewa mwingine.

"Mimi naingia," akasema.

"Thubutu!" nikamwambia. "Thubutu, Baba Pacha, utaniona!" Maana nilimjua, angeingia kweli, halafu miaka yote iliyobaki angenitazama kwa jicho la mtu aliyekosa. Akabaki kwenye waya. Binti yangu akaenda mpaka katikati ya uwanja, akamsalimia, "Shikamoo," akasubiri aitikie. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Mtoto akarudi kwangu akaniambia yule mgeni naye kaitikia vizuri. Mume wangu alisikia. Akageuka akatazama bahari kwa muda.

Pacha niliwanyanyua juu awaone. Akaona nini? Vichwa viwili vya sufu.

"Nivulie basi hata hizo kofia," akaomba. Bwana afya akapaza sauti kutoka mbali alikokuwa amesimama: mtoto wa surua havuliwi! Afunikwe, upele utoke wote nje, ukirudi ndani unaua. Loo! Mama mkwe aliposikia hivyo alisimama akapiga makofi. Kumbe serikali yenyewe inamuunga mkono! Akaongeza blanketi. Ikawa hivi: kila wakifunikwa vipele vinaongezeka, na kila vikiongezeka bwana afya anachungulia dirishani anatikisa kichwa na kuamuru wafunikwe zaidi. Mchana haujaisha pacha walikuwa wamelala chini ya sweta, shali, blanketi na koti la mvua la bibi yao. Walikuwa wameacha hata kulia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si habari ya meli tena. Nilidhani nawazika.

Kabichi zilikuwa zimeanza kunuka. Mimi mwenyewe nilikuwa na sweta, kwa amri, na kifua kilikuwa kinaniwasha kupita kiasi. Nikajifunua nijikune. Vipele. Vilevile, vidogo, vyekundu, vimejipanga. Mimi surua niliugua nikiwa mtoto, mama yangu alisimulia mpaka tukachoka kumsikiliza, na surua haimrudii mtu.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, naomba nitazame shingo yako."

"Shingo yangu ina nini?"

"Mama, nakuomba."

"Mkwe hatazami shingo ya mkwe wake kama anayenunua mbuzi."

Hasira ikanipanda, ile aliyoisema. Nikavuta kola ya sweta yake kwa mikono yangu miwili, jambo ambalo kwetu huwezi kulifanya ukabaki na jina zuri, na vipele vilikuwapo hadi nyuma ya masikio.

"Wewe surua uliugua lini?"

"Enzi za Mjerumani," akasema, huku ameshika kola yake. "Ilituua wawili nyumbani."

Nikaenda kwenye dirisha nikamwita bwana afya, niseme ukweli, kwa sauti ya sokoni. Nikamwambia aje aone surua ya ajabu, inayoshika bibi mzee aliyekwisha kuiugua enzi za Mjerumani, na hata mimi, na tukiiacha saa moja zaidi itashika kabichi. Akaja. Akatutazama sote tumevaa sufu, jasho linatutiririka mpaka kwenye sakafu. Nadhani alikuwa anatuona kwa mara ya kwanza.

"Nyinyi," akauliza polepole, "mbona mmevaa hivyo?"

"Kuzuia joto," mama mkwe akamjibu, kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto.

Yule kijana akajishika uso. "Harara," akasema. "Hii ni harara. Vipele vya jasho. Kwenu hakuna harara?"

Kwetu hakuna harara. Itoke wapi, Lushoto? Lakini alikuwa keshaandika surua, na kilichoandikwa na bwana afya hufutwa na daktari peke yake, na daktari anakuja kesho asubuhi. Sikusubiri kuambiwa la kufanya. Nikawavua pacha, sweta, soksi, vyote, nikachukua dumu la maji ya chemchemi nikawaogesha nayo pale sakafuni mpaka tone la mwisho. Mama mkwe hakunizuia. Alikaa kitako, mkono kwenye kola, akanitazama, na baada ya muda akaanza kuwapepea watoto kwa jani la kabichi. Pumzi zao zikatulia. Wakanyonya, wakalala.

Asubuhi daktari akachelewa. Honi ya kwanza ya meli ilipolia alikuwa hajafika. Nilizunguka ule uwanja kama kuku anayetaka kutaga. Alipokuja aliwatazama watoto muda wa kupiga chafya, ngozi imekwisha kupoa, akasema, "Hawa wazima. Nani kawaweka hapa?" Bwana afya akawa anatazama viatu vyake. Mimi sikungoja jibu, nilishamfunga binti mgongoni kwa khanga, pacha mmoja kwangu, mmoja kwa bibi yake, tukakimbia. Kabichi tuliziacha karantini, na balozi hadi anafariki aliamini zilipokelewa kwa shangwe.

Mume wangu alikuwa chini ya ngazi ya meli, wenzake wameshapanda wote, baharia anamgombeza. Nikamtia pacha mikononi, wote wawili, huku na huku. Akawashika kama mtu aliyekabidhiwa mayai. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Walikuwa wamelala. Mikononi mwa baba yao, katikati ya honi na kelele za makuli, walikuwa wamelala fofofo, maana walikuwa bado wanalipia usingizi walioukosa tangu Mombo.

"Hawafungui macho," akasema.

"Wamechoka."

"Mimi nimewaona," akasema, na midomo ikawa inamcheza. "Wao hawajaniona."

Baharia akaita tena. Siku tatu nzima nilikuwa nimemwomba Mungu watoto wale walale. Nikanyoosha mkono, nikamfinya mmoja paja, nikamfinya kwelikweli. Akafungua macho, akatazama ule uso mgeni uliokuwa juu yake, akapiga yowe.

"Ee, kaniona," akasema mume wangu. Machozi yalikuwa yanamshuka, naye anacheka. "Na huyu?"

Nikamfinya na huyo.