Bibi yake Ruthi kaja shuleni

Walimu wenzangu, leo bibi wa mwanafunzi wangu kaniuliza swali gumu.

Jana niliwafundisha watoto, kutoka kitabu cha historia, jinsi Waafrika walivyovushwa bahari ya Atlantiki, wakalimishwa tumbaku kwenye mashamba ya Waingereza kule Amerika. Ruthi akaenda kumsimulia bibi yake.

Asubuhi hii bibi kapanda mlima hadi darasani kwetu, hapa Usangi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Dada yangu yumo kitabuni?"

Walikuwa wadogo, akasema, msafara wa watumwa ulipomchukua dada yake kwenda pwani.

Nikamweleza taratibu kwamba ile ya kitabuni ni bahari nyingine, si hii ya pwani yetu.

"Kwani bahari ziko ngapi?"

Watoto wakageuka kunitazama.

"Basi mwandike," akasema. "Anaitwa Namkunda."

Hakusema "aliitwa".

Nimemwandika kwa wino, pembeni mwa ukurasa. Kitabu ni mali ya serikali, na mkaguzi Mwingereza anakuja Ijumaa.

Walimu wenzangu, msiniambie nimfute. Niambieni tu nimjibu nini mkaguzi akiuliza Namkunda ni nani.